Goli Alilokuwa Akilinda Marek

Kila nikiingia barzani kwa rafiki zangu hapa Khuwair, Maskati, mtu ananimiminia kahawa na kuniuliza lile lile: "Haya Khalfan, huko ulikokwenda kucheza barafuni kulikuwaje?" Nikianza kujibu, mwengine anaingia na salamu zake, au adhana inalia, na mimi naishia kusema kulikuwa na baridi. Nimeona bora niandike. Mambo ya viza na tiketi nayaruka, hayana ladha. Nitaandika njia nilivyoipita na watu niliowakuta, hasa wale ambao kuwasimulia kwa mdomo siwezi.

Maskati

Kwa asiyejua, mimi ni kipa wa magongo ya barafu. Ni mchezo unaofanana na magongo mnayoyajua, ila wachezaji wanateleza kwa viatu vyenye vyuma chini, na badala ya mpira kuna kisahani cheusi kizito kinachoruka kama jiwe. Kipa huvalishwa magodoro mwili mzima, akafunikwa uso, akaambiwa asimame mbele ya jiwe hilo.

Nilianza mtoto, mwanzoni mwa miaka ya tisini, pale kwenye ukumbi wa barafu ambako mama alikuwa akitupeleka likizo za kiangazi ili tupumue na joto. Mwalimu alikuwa Mslovakia aitwaye Jozef, mtu wa maneno machache. Watoto wote walitaka kufunga, mimi nilitaka kuzuia. Jozef aliliona hilo kabla sijaliona mwenyewe, akanifunza miaka yote ile, mpaka nikawa nachezea timu za Dubai kila mwisho wa wiki. Siku nyengine nilikuwa fundi mitambo kiwandani Rusayl.

Alasiri moja Jozef alikuja nyumbani kwetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa ukingoni mwa kiti, akashika kikombe cha chai bila kunywa.

"Timu ya mji wangu inahitaji kipa," alisema. "Sasa hivi, mpaka msimu uishe. Ni timu ya kulipwa, daraja la pili. Nimewaambia kuhusu wewe, wamekubali."

"Kipa wao yuko wapi?"

"Hayupo tena," alijibu, akitazama ndani ya kikombe.

Nilidhani amehamia timu nyengine. Wachezaji huhama. Sikuuliza zaidi.

Baba alingoja mpaka mgeni ameondoka. Baba yangu ni mtu wa Unguja aliyekuja Maskati kijana akaanza upya, akapanda ngazi za wizara moja moja, na kwake kazi ya uhakika si kitu cha kuchezea.

"Nnakuuliza, Khalfan. Kazi unayo. Rusayl wanakutaka. Unakwenda kupigwa huko kwa ajili gani?"

"Baba, nisipokwenda sasa sitaitwa tena."

Alijikuna kidevu. "Msimu ukisha utarudi hapa, tukae, tuzungumze. Sijakupa ruhusa ya zaidi ya hapo."

Mama yeye alikuwa keshaanza kufunga hiliki, mdalasini na bizari kwenye vifuko, akivipenyeza baina ya soksi zangu. "Chakula cha Wazungu hakina khabari," alisema.

Mpakani

Ndege yangu ilikuwa ya Dubai, kwa hiyo Ami Rashid, mdogo wake baba, alinipeleka kwa gari. Tulipita Suhar tukila sambusa, tukafika mpakani jua limeanza kuwaka. Hapo ndipo begi langu la kipa lilipotuponza. Lilikuwa refu kama maiti, na askari wa forodha alipolifungua akatoa kwanza kinga ya kifua, kisha kofia yenye nondo usoni.

"Hii ni ya jeshi?" aliuliza kwa Kiarabu.

"La, ndugu yangu. Ni ya mchezo. Mchezo wa barafu."

"Barafu," alisema, akatazama nje, ambako lami ilikuwa ikimeremeta kwa jua. Akawaita wenzake. Ilibidi nivae kila kitu, mimi na jasho langu, nisimame mlangoni mwa ofisi kama ndiyo goli. Mmoja alinirushia chupa ya maji kwa nguvu. Niliidaka. Wakapiga makofi, wakanirushia nyengine. Kila aliyepita alitaka kurusha yake, na foleni nyuma yetu ikawa inapiga honi.

Ami Rashid hakucheka hata kidogo. Tulipoondoka alisema, "Mtoto wa ndugu yangu anasafiri, watu wanamfanyia maskhara." Uwanja wa ndege alinishika mabega akanisomea dua sikioni, na niliona macho yake yamelowa. Sikujua kwamba kuondoka kwangu kulikuwa na uzito huo kwake. Baadaye mama aliniambia kuwa kila mtu wa umri wake aliyepanda chombo Unguja akaacha watu nyuma, hawezi kuaga bila kukumbuka.

Vienna na treni

Vienna theluji ilikuwa imefunga uwanja. Tulizunguka juu ya mawingu mpaka rubani akaomba radhi kwa lugha zote alizozijua. Tuliposhuka, sanduku langu lilikuja, begi la kipa halikuja. Mwanamke wa kaunta aliniuliza ndani mna nini, nikasema, "Kazi yangu." Aliandika "nguo".

Nikapanda treni za kuelekea mashariki, Slovakia, moja baada ya nyengine, kila moja ndogo na baridi kuliko iliyotangulia. Katika ya mwisho nilikaa mbele ya bibi mmoja aliyevaa kitambaa cha maua kichwani. Alifungua karatasi akatoa mkate uliopakwa mafuta meupe na vitunguu juu, akanipa nusu. Harufu yake iliniambia ni mafuta ya nguruwe. Nilitia mkono kifuani, nikatikisa kichwa, nikatabasamu. Akadhani naona haya, akanisogezea. Nikakataa tena. Mwisho nikamtolea halwa aliyonifungia mama. Aliionja, akafumba macho, akala yote, mkate wake ukabaki mapajani. Tukawa marafiki bila neno hata moja.

Kisha akanionyesha kidole na kuinua mabega, yaani, unakwenda wapi? Nilitaja jina la mji, nikaigiza kushika gongo na kudaka. Uso wake ulibadilika. Alifanya ishara ya msalaba, akageukia dirishani, na hakunitazama tena mpaka akashuka.

Niliumia. Nilijiambia: haya, ameshajua mimi ni Mwislamu, au hataki kuona mtu wa rangi yangu akichezea timu ya kwao. Niliibeba hasira hiyo mpaka mwisho wa reli.

Mji ambao sitautaja jina

Sitautaja, kwa sababu ni mdogo, na wenyewe hawatapenda. Una kiwanda cha karatasi, kanisa, mto, na ukumbi wa barafu mkubwa kuliko kanisa. Meneja wa timu alinipokea stesheni. Alinipa mkono, akachukua sanduku langu, hakutabasamu. Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na mishumaa mingi ndani ya vibilauri vyekundu, imepangwa juu ya theluji. Nilidhani ni sikukuu yao.

Niliingia chumba cha kubadilishia nguo. Nilitoa salamu, wachache waliitikia. Kwa kuwa begi langu halijafika, mtunza vifaa aliniletea seti nyengine: pedi za miguu, glavu, kofia. Vilikuwa vimetumika. Kamba zilikuwa zimeshika umbo la mguu wa mtu mwengine, na ndani ya glavu kitambaa kilikuwa kimeliwa na vidole visivyokuwa vyangu. Nilianza kuvaa. Nilipoiweka ile kofia kichwani, nahodha, jitu refu aitwaye Miro, alisimama ghafla akatoka, mlango ukajibamiza nyuma yake.

Nilivua kofia nikamfuata. Alikuwa amesimama koridoni, paji la uso limegusa ukuta. Miro alikuwa na Kiingereza kizuri. Aliwahi kucheza ng'ambo.

"Kama hamnitaki," nilimwambia, "niambieni tu. Nitarudi kwetu."

Alinitazama kama haelewi. "Hujaambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Kipa wetu. Marek. Gari lake liliteleza kwenye barafu likaingia mtoni. Tumemzika wiki chache zilizopita. Hivyo ulivyovaa ni vyake."

Wallahi, nilitamani kuvivua pale pale. Nilimkumbuka yule bibi wa treni na kitambaa chake cha maua, na ishara yake ya msalaba. Alikuwa akimwombea maiti, na mimi nilikuwa nimemchukia safari nzima.

Jioni ile nilimpigia simu Jozef. "Nilimfunza yeye kabla yako," alisema. "Nilimvalisha viatu vyake vya kwanza. Nilikuja nyumbani kwenu nikitaka kukwambia. Mdomo haukufunguka." Sikuwa na la kumlaumu.

Nyumba ya Bi Anna

Nilipelekwa kulala kwa mama yake Marek. Nilikataa. Nilisema nipatieni pahala popote, hata humu ukumbini. Meneja akasema, "Ni yeye aliyetaka. Wachezaji wageni wamekuwa wakilala kwake miaka yote. Amesema huyu naye aje."

Nilimwita Bi Anna tangu siku ya kwanza, na alipenda. Alikuwa mjane, mwembamba, mstaafu wa maktaba, na Kiingereza chake alikijua kwa kusoma zaidi ya kusema. Alinifungulia chumba cha Marek. Kulikuwa na shati lake kwenye kiti. Nilimwomba nilale sebuleni. Akatikisa kichwa kukubali, akaufunga ule mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Usiku wa kwanza alinipikia supu yenye vipande vya nyama ya kukaushwa kwa moshi. Niliuliza ni nyama gani, akaniambia. Nilisema siwezi, dini yangu. Akaiondoa sahani, akaenda jikoni, na nikamsikia akilia. Nilijiona mnyama. Nilimfuata, nikamweleza kwa maneno na mikono: viazi nakula, mayai nakula, jibini nakula, samaki nakula. Akafuta macho. "Marek alikuwa akila kila kitu," alisema.

Lililonishangaza zaidi lilikuwa ukimya wa nyumba. Kwetu mtu akifiwa, nyumba haina pa kukanyaga. Wanawake wamejaa ndani, wanaume wamejaa nje, masufuria makubwa yapo motoni, mtu hapati nafasi hata ya kufikiri. Kwa Bi Anna hapakugonga mtu. Jirani aliacha keki mlangoni akaondoka bila kubisha. Wachezaji waliokuwa wakija kula kila Jumapili hawakuja tena hata mmoja.

Mechi yangu ya kwanza nilicheza na vifaa vya marehemu, vikubwa kwangu, vikinivuta huku na huku. Tulifungwa vibaya. Goli la kwanza lilipita baina ya miguu yangu, goli ambalo hata Maskati mtoto angelizuia. Hakuna aliyenizomea. Ningefurahi wangezomea. Watu elfu na zaidi walinitazama tu, na nilijua wanamtazama nani.

Nilimpigia simu mama kutoka kibanda cha posta, nikamwambia yote.

"Na huyo mama wa watu," aliuliza, "nani anakaa naye?"

"Hakuna, mama. Ni mimi tu."

"Subhanallah. Hao wenziwe marehemu wako wapi?"

"Wanasema hawataki kumsumbua."

"Kumsumbua! Nisikilize, mwanangu. Wewe wapikie hao, waite. Viungo nimekutilia."

Pilau

Begi langu lilikuja hatimaye, limechanika upande mmoja. Vifaa vya Marek nilivifuta, nikamrudishia mtunza vifaa kwa mikono miwili. Kisha nikamwambia Miro kwamba Jumapili nitapika chakula cha kwetu kwa Bi Anna, na timu nzima imealikwa.

"Amesema tuje?" aliuliza.

"Njooni tu."

Kusema kweli Bi Anna nilimwambia nitapika. Sikumwambia watakuja wangapi, kwa sababu sikujua kama atakuja mtu. Nyama ya halali haikuwapo mji mzima, kwa hiyo pilau yangu ilikuwa ya viazi, njegere na mayai ya kuchemsha. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa hudhurungi kama anavyotaka mama. Nyumba ikanukia Khuwair siku ya Ijumaa.

Walikuja wote kwa pamoja, makoti yao yamejaa theluji, wamebana mlangoni kama watoto waliochelewa shule. Bi Anna alitoka chumbani, akawaona. Rangi ikamtoka usoni.

"Nani amewaita?" aliuliza.

"Mimi, Bi Anna."

"Kwa idhini ya nani?" Akarudi chumbani kwake, tukasikia ufunguo ukizunguka.

Nilitaka ardhi inimeze. Wengine walianza kurudi nyuma. Sijui nini kilinipa ujasiri, niliwapakulia. Walikula wakiwa wameinamisha vichwa, vijiko tu vikigonga sahani. Miro hakugusa chake.

Baadaye mlango ulifunguka. Bi Anna alikuja akasimama mwisho wa meza, mikono ameikunja. Aliuliza jambo kwa Kislovakia. Vijiko vyote vikasimama. Mchezaji aliyekaa karibu yangu alinitafsiria kwa kunong'ona: "Anauliza, Marek alikwenda kufanya nini kwenye njia ile siku ile? Ilikuwa siku ya mapumziko. Anasema ameuliza polisi, ameuliza kasisi, hakuna ajuaye."

Miro aliinuka. Alisema maneno machache, akakaa tena, akafunika uso.

"Nini?" niliuliza.

"Amesema, 'Mimi ndiye niliyempigia simu. Gari langu liligoma kuwaka. Nilimwambia aje anichukue.'"

Bi Anna alimtazama Miro kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari yangu yote. Nilimwona akitafuta mahali pa kuyaweka maneno yale. Sitadai kwamba alimsamehe. Sijui aliyokuwa nayo moyoni, na sikuwahi kumuuliza. Alizunguka meza, akavuta kiti, akakaa pembeni yake. Aliisogeza ile sahani iliyokuwa haijaguswa.

"Kula," alimwambia. Neno hilo nilikuwa nimeshajifunza.

Miro alikula huku machozi yakimdondokea sahanini. Mmoja akaanza kusimulia Marek alivyowahi kusahau viatu vyake akacheza na vya kuazima, mwengine akamsahihisha, na Bi Anna akawasahihisha wote wawili. Waliondoka giza limeshaingia, na sufuriani haukubaki hata ukoko.

Golini

Sitaki mfikiri kwamba baada ya hapo tulishinda kila mechi. Tulifungwa sana. Lakini mabeki walianza kunipigia kelele uwanjani, kunitukana nikikosea na kunigonga kofia nikidaka, na mimi nikaanza kucheza.

Siku moja, mechi ya nyumbani, tulikuwa tunaongoza kwa goli moja na zimebaki dakika za mwisho. Kulitokea msongamano mbele yangu, miguu, magongo, na nikakipoteza kile kisahani. Sikujua kiko wapi. Ghafla nyuma yangu, kwenye viti vya karibu na kioo kinachozingira barafu, sauti ya mwanamke ililia: "Marek! Kushoto!"

Niliangusha mguu wa kushoto bila kufikiri. Kisahani kilinigonga kifundoni kikasimama. Refa akapuliza.

Niligeuka. Bi Anna alikuwa amesimama nyuma ya kioo, mkono umefunika mdomo. Sikuwa nimejua kwamba amekuja. Alikuwa hajakanyaga pale tangu msiba. Ukumbi mzima ulikuwa umesikia jina alilolitaja. Nilimwinulia gongo langu kumjibu. Akakaa polepole, na watu wakaanza kupiga makofi, si kwa kelele, taratibu tu, kwa muda mrefu. Kipyenga cha mwisho kilipolia sikuona vizuri kwa sababu ndani ya kofia mlikuwa na maji.

Kurudi

Msimu uliisha theluji ikiyeyuka. Hatukupanda daraja, hatukushuka. Meneja aliniita akaniambia wananitaka nirudi, safari hii kwa misimu miwili. Nilimwambia nitafikiri. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Anna.

"Ile nafasi ni ya Marek," nilimwambia. "Naona vibaya kuichukua."

Alikuwa akimenya viazi, hakusimama. "Marek naye aliipata baada ya mwenziwe kuumia goti," alisema. "Alirudi hapa akilia kama wewe, eti ameiba pahala pa mtu. Nilimwambia avae, aende mazoezini." Akanipa kisu cha pili. "Saidia."

Nilirudi kwa treni zile zile na ndege iliyonifikisha mpaka Maskati, safari hii bila la kuchelewesha. Uwanja wa Sib joto lilinipokea kabla ya watu. Baba alikuja mwenyewe. Hakuniuliza kitu garini. Tulifika nyumbani, tukasali, tukala, na mama alipoondoa sinia ndipo baba aliponigeukia.

"Haya. Tuzungumze."

Nilimsimulia kama nilivyowasimulia nyinyi, nikamaliza kwa ile misimu miwili. Alisikiliza macho yakiwa kwenye busati. Nilijiandaa kusikia khabari ya kiwanda, ya umri wangu, ya kuoa.

"Na huyo mama," aliuliza, "saa hizi nani yuko naye?"

"Miro hupita kila Jumapili. Siku nyengine yuko peke yake."

Baba aliguna. Akajifunga vizuri kikoi chake, akainuka kwenda kulala. Mlangoni alisimama.

"Basi rudi," alisema. "Mtu asikae peke yake kwenye nyumba kama ile."

Naondoka baada ya Idi.